Beseni Moja, Kamba Mbili

Karatasi ilikuwa moja tu, na kalamu walikwishamwekea juu yake, kifuniko kimevuliwa, asipate hata kazi ya kuifungua.

"Soma taratibu, mama, halafu tia sahihi pale chini," alisema ofisa utumishi, dada mmoja mwenye sauti laini kama mtu anayebembeleza mtoto anywe dawa.

Bibi Kamba akavaa miwani. Ndivyo walivyomwita pale kituoni, Bibi Kamba, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyekuwa akizifua, akizianika, akizikagua na kuzikunja kamba zote za kikosi cha uokoaji. Shule alikwenda miaka minne basi. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, wala hakuona haya. Kidole kilipofika katikati ya karatasi kikasimama.

Pale paliandikwa kwamba kamba ilikatika kwa sababu ilifuliwa kwa sabuni kali, na kwamba huo ulikuwa uzembe wa mtunza stoo.

Akarudia kuanzia juu, labda kidole kimeruka mstari. Hakikuruka.

"Mtunza stoo ni mimi," akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini hufukuzwi. Ukikubali kosa unastaafu kwa heshima zako, na mambo yanaishia hapa."

"Heshima ipi, mwanangu, na umeshaniandika mzembe?"

Mkuu wa kituo alikuwa amekaa dirishani, anachezea funguo za gari. Hata hakugeuka vizuri. "Bibi, hakuna anayekugombeza. Umri nao umekwenda. Mtu anaweza kukosea sabuni, kitu cha kawaida."

   Bibi Kamba aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Hiyo ni ya kusaini hapa hapa," ofisa utumishi akasema.

"Mimi nasoma polepole. Nitarudi nayo kesho, Ijumaa."

Akatoka, akawaacha na kalamu yao isiyo na kifuniko.

Sasa nieleze jambo lenyewe lilivyokuwa, maana lilielezwa kwa uongo na watu wenye suruali zilizopigwa pasi, nao uongo wao ukavaa ukapendeza.

Wiki tano nyuma kituo kilipata wageni wakubwa kutoka makao makuu. Kikosi kikatakiwa kuonyesha namna ya kumvusha majeruhi hewani. Kamba inatandikwa kutoka mnara wa mazoezi mpaka mnara wa tangi la maji, ng'ambo ya uwanja, na majeruhi analazwa kwenye machela inayoning'inia kwenye kapi, kile kigurudumu kinachotembea juu ya kamba, anavutwa polepole mpaka upande wa pili. Wa kulazwa siku hiyo alikuwa mkwe wake Bibi Kamba, mume wa binti yake wa pekee, kijana mwembamba aliyechaguliwa kwa sababu ni mwepesi na hana maneno.

Kamba ya namna hiyo, mwenye kuijua huiachia tumbo. Hainyooshwi. Mzigo unapofika katikati, kamba inauinamia, na kila upande unabeba kinachobebeka. Ukiinyoosha kama rula haina pa kuinamia tena. Mtu wa kilo sabini anageuka kuwa watu kumi, huku kumi na kule kumi, na vifungo vyote vinalia. Mwalimu mzee aliyekianzisha kikosi, ambaye sasa amestaafu, aliliweka jambo hili kwa hesabu ambayo hata asiyesoma haisahau. Kwa makapi yanayofanya nguvu ya mtu mmoja iwe ya watatu, wavute watu wanne. Wa tano atie mikono mfukoni.

Mkuu hakulipenda tumbo. Alisimama katikati ya uwanja, akainua kichwa, akakunja uso kama aliyeona doa kwenye shati lake.

"Mbona imelegea hivyo? Wageni waje waone kamba imelewa? Ongezeni watu, vuteni."

Bibi Kamba alikuwa amepita na kofia za akiba mikononi. Akaiona. Akasema, "Mkuu, hiyo imenyooka mno."

"Bibi," Mkuu akamjibu, huku anawatazama vijana ili wacheke naye, "hii siyo kamba ya kuanikia nguo."

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Akaambiwa arudi stoo. Akarudi. Alikuwa anazipanga kofia rafuni aliposikia kishindo, halafu kimya, halafu watu wanakimbia.

Pale mwisho wa kamba palikuwa na kile kishikio chenye meno kinachoibana isirudi. Machela ilipofika katikati, yale meno yakalichana koti la kamba, koti likavuka kama soksi, na nyuzi za ndani zikafuata. Machela ikaporomoka, ikajipigiza ukutani kwenye mnara wa mazoezi. Kamba ya pili, ile ya akiba inayoambatana na machela, ndiyo iliyoidaka, kimo cha mtoto wa miaka mitano kutoka kwenye saruji. Mkwe alivunjika nyonga. Alipona kufa kwa kamba ile ya pili, na kwa kitu kingine chochote hakupona.

Lakini binti yake Bibi Kamba hakusimuliwa hivyo. Binti yake alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Siku ile ile ya ajali, kwenye benchi la hospitali, Mkuu alikaa karibu naye, akamshika bega, akamwambia kwa huruma, "Dada, inaniuma kukuambia. Ni sabuni ya mama yako."

Tangu siku hiyo binti alimsalimia mama yake akitazama chini. Shikamoo ilikuwepo, mtu mwenyewe hakuwepo. Bibi Kamba alikuwa akienda kila siku kumsaidia, anapika, anafua mashuka ya mgonjwa yanayorudi kutoka wodini. Siku moja alisahau kitambaa chake, akarudi kukichukua, akamkuta binti uani. Amezianua shuka zote alizozifua mama yake asubuhi, amezitumbukiza tena kwenye maji, anazisuuza mara ya pili.

 Bibi Kamba alichukua kitambaa chake akaondoka. Njiani alikuwa anazungumza peke yake, na yule muuza mkaa wa kona alimwamkia mara mbili hakuitikia. Karatasi ya ofisi ilimkasirisha, ndiyo. Lakini shuka zile ziliingia ndani zaidi. Karatasi angeweza kuikataa. Mtoto wako akikuona una sumu mikononi, unakataa kwa sahihi gani?

Sasa karatasi alikuwa nayo kwenye mkoba, na siku ilikuwa Alhamisi. Akaenda moja kwa moja kwa binti yake. Alimkuta amekaa mbele ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, hashoni, amekaa tu.

"Njoo uani," akamwambia.

"Mama, nimechoka."

"Nimechoka na mimi. Njoo."

Akaifungua kamba ya kuanikia nguo kutoka kwenye misumari yake miwili. Akaijaza ndoo maji nusu, akaipitisha kamba kwenye mkono wa ndoo, ncha moja akampa binti, nyingine akashika mwenyewe. Wakasimama karibu, magoti karibu yagusane, ndoo inaning'inia kati yao.

"Nzito?"

"Hapana. Mama, nini hiki?"

"Rudi hatua moja. Na mimi narudi. Sasa?"

"Kidogo."

"Rudi nyingine."

Wakaendelea kurudi nyuma, kila mmoja upande wake, ndoo ikipanda taratibu, mpaka migongo yao ikakaribia kuta za ua. Mikono ya binti ilianza kutetemeka. Kandambili moja ilimtoka.

"Sasa inyooshe," mama akasema. "Nataka iwe kama rula. Isiwe na tumbo hata kidogo, wageni wasije wakacheka."

Binti akavuta. Akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote, shingo imemtoka mishipa. Ndoo ikapanda kidogo, ikagoma. Tumbo likabaki pale pale.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Nyie, mnagombania ndoo?"

"Tunampima Mkuu wa kituo," Bibi Kamba akajibu. "Anakataa kunyooka."

Binti hakucheka. Alikuwa ameng'ata meno. Mwishowe akaiachia, ndoo ikaanguka, maji yakasambaa mpaka mlangoni. Akafungua viganja akavitazama. Vilikuwa na mistari myekundu ya kamba.

"Haiwezekani," akasema.

"Kwa nini? Ndoo ni ile ile. Tulipokuwa karibu uliniambia si nzito. Nimeongeza maji mimi?"

"Hukuongeza."

"Basi kilichoongeza uzito ni nini?"

 Binti alikuwa mtu wa kushona, na mtu wa kushona anajua uzi unavyokatika ukikaza cherehani kupita kiasi, hata uzi uwe mpya, hata uwe wa bei. Bibi Kamba aliona uso wake unavyokwenda huko na kurudi.

"Sisi wawili kwa mikono mitupu," akasema. "Wao walikuwa na makapi, na watu wengi kuliko wanne. Waliinyoosha kweli. Halafu ndani ya ndoo alikuwa mumeo."

"Na sabuni?" binti akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo, tuje kwenye sabuni. Mumeo alidakwa na nini?"

"Kamba ya pili."

"Kamba ya pili nani aliifua?"

Binti akainua macho.

"Niliifua mimi," Bibi Kamba akasema, na hapo sauti ilimpanda kwa mara ya kwanza. "Jumatatu moja na ile iliyokatika, beseni lile lile, sabuni ile ile ya nguo za mtoto mchanga. Zilikuwa mbili mle ndani, zimelaliana kama mapacha. Nikazisuuza pamoja, nikazianika kivulini pamoja. Sabuni yangu ingekuwa inakata kamba, leo ungekuwa umevaa nguo za msiba. Wewe unasuuza shuka zangu, mwanangu. Unasuuza mkono uliomdaka mumeo."

Binti alikaa chini kwenye kizingiti, pale pale kwenye maji.  Kisha akasema, "Walivuta wangapi?"

"Sijui. Nilifukuzwa kabla sijahesabu."

"Mimi najua pa kuwahesabia." Akainuka, gauni linachuruzika. "Nilipopeleka cheti cha daktari kituoni niliiona. Ipo picha kwenye korido, karibu na bomba la maji ya kunywa. Kubwa, ina fremu ya dhahabu. Wanavuta kamba wote wanacheka."

Na kweli ilikuwepo. Mpiga picha wa wageni aliipiga asubuhi ya siku ile, kabla ya machela kupanda, kisha ikasafishwa kwa ukubwa wa sinia. Nakala moja ilikwenda makao makuu kama zawadi, nyingine Mkuu aliitundika koridoni kwa mkono wake. Bibi Kamba alikuwa ameipita wiki nzima bila kuitazama, maana picha za Mkuu zilikuwa nyingi kwenye kuta zile, amewahi kuonekana hata akikata utepe wa choo kipya.

Ijumaa asubuhi waliingia ofisini wawili. Bibi Kamba alikuwa na kiroba begani. Binti alikuwa ameibana ile picha kwapani, na fremu yake yote.

"Hiyo ni mali ya korido," Mkuu akasema.

"Tutairudisha," binti akajibu. Akaiweka mezani, akakaa bila kukaribishwa.

"Mama, umeleta ile karatasi?" ofisa utumishi akauliza.

"Nimeileta. Nimeisoma mara saba. Kabla ya sahihi nisaidie hesabu kidogo, mwanangu, mimi sikufika mbali. Wavutaji wanaoruhusiwa ni wanne. Hapa nihesabie."

Ofisa utumishi akamtazama Mkuu, kisha picha. Akaanza kuhesabu kwa macho, halafu akaona haitoshi, akatumia kalamu. "Mmoja. Wawili. Watatu..." Alipofika sita sauti ilipungua. "Tisa," akamalizia.

"Na huyu wa mbele kabisa, aliyekunja mikono ya shati, ni nani? Miwani yangu ya zamani."

Ofisa utumishi akainua macho, akamtazama Mkuu.

"Bibi," Mkuu akasema, na sasa aliziweka funguo chini, "hiyo ni picha ya kumbukumbu. Mambo ya nguvu za kamba ni ya kitaalamu. Watu wanayasomea."

"Ndiyo, baba. Wewe umeyasomea, mimi sikuyasomea. Kwa hiyo mimi nikikosea nina kisingizio. Wewe chako kipi?"

Mkuu akazichukua tena funguo.

Bibi Kamba akafungua kiroba, akatoa kamba mbili akazilaza mezani juu ya mafaili. Ile iliyokatika akaivuta mpaka kwenye kidonda, pale koti liliposukumwa likajikunja.

"Pitisha kidole," akamwambia ofisa utumishi. "Hapa ndipo meno yaliposhika. Umeona palivyoungua, pagumu kama plastiki ya kuyeyuka? Sasa teremka nayo. Mita sitini. Laini yote, hakuna hata uzi uliotoka. Sabuni gani hii inayochagua shubiri moja kati ya mita sitini, tena shubiri hiyo iwe pale pale chuma kilipobana? Na hii ya pili ililala naye beseni moja. Huyu mwenzake amemshika mtu na machela yake. Iandikie na hii uzembe wangu."

Ofisa utumishi alipitisha kidole. Akarudia. Yule dada hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeletewa maneno yakiwa yameshapikwa, akaambiwa apakue. Akaitazama tena picha, akageuza fremu, akasoma kibandiko cha nyuma.

"Mkuu," akasema polepole, "makao makuu wanayo nakala ya hii. Wameitundika. Nami ndiye ninayewapelekea ripoti."

 Ofisa utumishi akaivuta kompyuta, akaandika, mashine ikatema karatasi mpya. Akaisukuma mbele ya Bibi Kamba. Kidole kikaanza safari yake. Sasa sabuni haikuwepo, mtunza stoo hakuwepo. Iliandikwa kwamba kamba ilivutwa kupita kiasi.

"Na nani?" Bibi Kamba akauliza.

"Mama, ndivyo ripoti zinavyoandikwa. Kamba ilivutwa."

"Ilijivuta?"

"Siyo hivyo. Ni lugha ya ofisi tu."

"Mwanangu, mliponiandika mimi lugha ya ofisi ilijua nani. Ilijua mpaka kazi yangu, mpaka stoo yangu. Leo imesahau? Mkwe wangu amelala mwezi na siku zake, hajui kama atapanda ngazi tena, na mimi niliyeonya kwamba imenyooka mno nimeitwa sumu ndani ya familia yangu. Halafu kamba ilivutwa." Akaisukuma karatasi irudi ilikotoka, ikateleza mpaka mbele ya Mkuu. "Na akija mwingine mwakani naye akapenda kamba iliyonyooka, atasoma nini hapo? Atasoma kwamba kamba huwa zinavutika zenyewe. Ataangusha mtu na huyo."

Mkuu alimtazama ofisa utumishi. Ofisa utumishi alikuwa anaitazama picha. Mkuu akamtazama binti, binti alikuwa amemtolea macho makavu, yule yule ambaye Mkuu alimshika bega siku ya benchi. Mkuu akachukua kalamu. Akainama, akaandika kitu mwisho wa sentensi, haraka, herufi ndogo kama chawa.

Bibi Kamba akaivuta, akaisogeza puani, akaiweka mbali, akavua miwani akaipangusa, akaivaa tena.

"Kubwa kidogo, baba. Macho yangu hayaoni."

Mkuu akaandika tena, kubwa. Ofisa utumishi akaigonga muhuri kabla wino haujakauka, akatoa nakala mbili. Hakuna aliyesema samahani. Bibi Kamba aliisubiri kidogo, akiwa anazirudisha kamba kwenye kiroba, akazikunja vizuri ingawa moja ilikuwa ya kutupwa. Haikuja. Picha waliiacha pale pale mezani, kwamba mwenyewe atajua pa kuitundika.

Kutoka pale walikwenda wodini. Mkwe alikuwa ameinuliwa mto, uzito wa kuvutia mguu unaning'inia kwenye kapi miguuni pa kitanda. Alipowaona akajaribu kujiweka sawa, kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tulia. Usijitingishe."

Binti akatandika shuka safi kwanza. Zilikuwa zimefuliwa na mama yake asubuhi ile, na zilisuuzwa mara moja. Kisha akatoa karatasi, akasoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka mwisho: kamba ilivutwa kupita kiasi, na watu tisa, kwa amri yangu mimi mkuu wa kituo, baada ya kuonywa na mtunza stoo.

Mkwe aliangalia lile kapi la mguuni.

"Nilikusikia, mama," akasema. "Siku ile ulivyosema imenyooka mno. Nilikuwa nimeshafungwa kwenye machela. Na mimi nilicheka."

Bibi Kamba akaivuta shuka, akaichomeka vizuri chini ya godoro.

"Ulikuwa umefungwa," akasema. "Ungefanya nini?"

"Ningenyamaza."

 Bibi Kamba akaenda akafungua dirisha. Nyuma yake akamsikia mkwe anamwambia mkewe, "Soma tena hapo mwisho," na binti akaanza tena.